Vifaranga wa Nsambya na Swali la Rangi

Mnyama hana ulimi wa kutueleza rangi aipendayo. Ng'ombe, kuku, nyuki na mbung'o wote hunyamaza mbele ya maswali yetu, nasi hubaki kutazama wanakokwenda na kuhesabu. Hesabu hiyo ndiyo ushahidi wote tulio nao. Hata hivyo, hesabu peke yake haisemi lolote mpaka ilinganishwe na kitu. Kuku kumi na wawili kati ya ishirini wakienda kwenye bakuli jekundu, je, wamelipenda? Au wangeweza kugawanyika hivyo hivyo hata kama rangi haiwahusu kabisa? Insha hii inahusu swali hilo, jinsi takwimu inavyolishughulikia kwa jaribio linaloitwa kai-mraba, na jinsi nilivyolitumia jaribio hilo mtaani kwetu Nsambya pamoja na jirani ambaye fedha zake zilitegemea jibu.

Nsambya ni kimojawapo cha vilima vya Kampala, upande wa kusini-mashariki wa katikati ya jiji. Wengi wanakijua kwa sababu ya kanisa Katoliki na hospitali ambayo mizizi yake ni mwaka 1903, walipofika masista Wafransisko, Mama Kevin akiwa mmoja wao. Wengine wanakijua kwa sababu ya kambi ya polisi. Kambi hiyo ina jambo ambalo mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulipita: ndani yake Kiswahili si somo, ni lugha ya kuombea chumvi. Askari na familia zao wametoka kila pembe ya Uganda, na lugha inayowakutanisha ni hii. Jirani ninayemzungumzia ni mama wa Kiteso, mke wa askari mstaafu. Mimi kwetu ni Bunyoro. Kiganda chetu sote wawili kingetosha kwa salamu na bei ya ndizi, lakini tulipofika kwenye hesabu tulihitaji Kiswahili.

Mama huyu anafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba. Hununua vifaranga wa siku moja, huwalea katika banda lililotandazwa maganda ya kahawa, huwapasha joto kwa sigiri ya makaa, na baada ya wiki chache huwauza kwa wenye vibanda vya chakula. Mchuuzi mmoja wa vifaa vya mifugo alimweleza kwamba vifaranga wanapenda nyekundu, na kwamba akiwanunulia vyombo vyekundu watakula zaidi na kukua upesi. Bei ya vyombo hivyo ilikaribia mara mbili ya bei ya vile vya kawaida. Fedha za kuvinunua zilikuwepo, lakini zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya makaa na chanjo.

"Mwanangu, wewe unasoma," aliniambia. "Haya ni ya kweli ama ni maneno ya biashara?"

Nilikuwa nimetoka kusoma kai-mraba katika somo la mbinu za utafiti, na nilimwambia kwamba vifaranga wenyewe wanaweza kutusaidia, mradi tuwaulize vizuri.

Hatua ya kwanza ilikuwa kueleza kile ambacho vitabu vyetu hukiita nadharia tete sifuri. Niliyapima maneno hayo kinywani nikaona hayatamfikia. Nikamwambia, "Mama, tuanze kwa kusema hivi: tuseme hawajali." Tuseme vifaranga hawajali rangi. Kama hawajali, na tukiwawekea mabakuli matatu, kila bakuli litapata theluthi yake. Alilielewa hilo mara moja, kisha akatoa pingamizi ambalo ndilo kiini cha jambo lenyewe: "Lakini hata kama hawajali, haitakuwa sawa kabisa. Leo litapungua moja, kesho litazidi lingine."

Ni kweli. Bahati nayo ina mikono. Wanaocheza ludo kambini wanajua kwamba dadu halali haitoi sita mara kumi hasa katika mirusho sitini. Inaweza kutoa mara nane au mara kumi na tatu na asigombane mtu. Ikitoa mara ishirini na tano, hapo watu wataishika na kuigeuzageuza. Swali ni mpaka uko wapi: tofauti kubwa kiasi gani ndiyo ituondolee imani kwamba ni bahati tu?

Mwingereza Karl Pearson alilijibu swali hilo mwaka 1900, katika makala aliyoichapisha kwenye jarida la Philosophical Magazine. Miongoni mwa takwimu alizozitumia zilikuwa za rafiki yake Weldon, ambaye alirusha dadu 12 kwa pamoja mara 26,306 na kuandika ni ngapi zilionyesha tano au sita. Kwa jicho la kawaida matokeo yalifanana na yale yanayotarajiwa kwa dadu halali. Kipimo cha Pearson kilionyesha kwamba hayafanani vya kutosha: tano na sita zilijitokeza kidogo kuliko kawaida kwa upande wa kuzidi, na kwa mirusho mingi kiasi kile, kidogo hicho hakikuweza kusingiziwa bahati.

Kipimo chenyewe hakihitaji zaidi ya karatasi na kalamu. Kwa kila kundi, chukua idadi iliyoonekana, toa idadi iliyotarajiwa, zidisha jibu kwa jibu hilo hilo, kisha gawanya kwa idadi iliyotarajiwa. Ukimaliza makundi yote, jumlisha. Jumla hiyo ndiyo kai-mraba. Ikiwa ndogo, yaliyoonekana yanakaa vizuri ndani ya yaliyotarajiwa. Ikiwa kubwa, hayakai. Kwa makundi matatu digrii za uhuru ni mbili, kwa sababu ukishajua idadi ya makundi mawili na jumla kuu, la tatu halina tena uhuru wa kuwa lolote. Kwa digrii mbili mpaka uliozoeleka ni 5.99: kama kweli vifaranga hawajali, kai-mraba itavuka hapo mara tano hivi tu katika majaribio mia moja.

Sasa mpangilio. Mama alikuwa na vifaranga 120 wa umri wa wiki mbili. Tulichukua mabakuli matatu ya plastiki yenye umbo na ukubwa mmoja, jekundu, la manjano na la buluu, tukatia chakula kile kile kwa kipimo kile kile. Tuliwaachia vifaranga mmoja mmoja kutoka kwenye boksi, na tukaandika bakuli la kwanza alilodonoa kila mmoja. Hatukuweza kuwaachia kwa kundi. Kifaranga akimwona mwenzake anadonoa, humfuata. Ukiwafungulia ishirini na wote wakakimbilia pamoja, hujapata majibu ishirini. Umepata jibu la mmoja na mwangwi wa kumi na tisa. Kai-mraba inadai kila hesabu ijitegemee. Kwa sababu hiyo hiyo hatukutaka kifaranga mmoja ahesabiwe mara mbili, na kila aliyekwisha kudonoa tulimpaka wino mguuni. Mama alicheka sana. Alisema tumewafanya wapiga kura.

Jambo la mwisho katika mpangilio lilitoka kwake, na ndilo lililookoa kazi nzima. "Kifaranga hafuati rangi kwanza," alisema. "Anafuata joto." Sigiri ilikuwa pembeni mwa banda, na mlango ulikuwa upande wa pili. Bakuli moja lingekuwa karibu na sigiri, moja katikati, na moja karibu na mlango wenye baridi. Kama bakuli jekundu lingekaa karibu na sigiri siku zote, wekundu na joto vingekuwa kitu kimoja katika hesabu zetu, na hakuna kanuni ya takwimu ambayo ingeweza kuvitenganisha baadaye. Tukakubaliana kufanya kazi jioni tatu, vifaranga 40 kila jioni, tukiyazungusha mabakuli ili kila rangi ikae kila mahali mara moja.

Jioni ya kwanza bakuli jekundu lilikuwa karibu na sigiri, la manjano katikati, la buluu mlangoni. Vifaranga 22 walidonoa jekundu, 11 la manjano, 7 la buluu. Watoto wa jirani waliokuwa wakichungulia walishangilia kwamba nyekundu imeshinda. Kwa kweli, mtu aliyekuja jioni hiyo peke yake angekuwa na haki ya kushangilia. Idadi iliyotarajiwa kwa kila bakuli ni 13.33, na kai-mraba inatoka 9.05, mbali kuvuka mpaka. Tofauti kubwa kama hiyo au zaidi hutokea kwa bahati mara moja hivi katika mia. Ningekuwa mchuuzi wa vyombo vyekundu, ningeichapisha karatasi ile na kuibandika dukani.

Jioni ya pili bakuli la manjano lilihamia kwenye sigiri, la buluu likaja katikati, jekundu likaenda mlangoni. La manjano lilipata 20, la buluu 10, jekundu 10. Jioni ya tatu la buluu likawa kwenye sigiri, jekundu katikati, la manjano mlangoni. La buluu lilipata 16, jekundu 14, la manjano 10.

Baada ya hapo tulikaa kibarazani na daftari. Tulizijumlisha hesabu zile zile kwa njia mbili. Kwanza kwa rangi: jekundu 46, la manjano 41, la buluu 33. Kila moja lilitarajiwa kupata 40. Tofauti ni 6, 1 na 7. Ukizizidisha kwa zenyewe unapata 36, 1 na 49, jumla 86. Ukigawanya kwa 40 unapata 2.15. Hii haifiki hata nusu ya mpaka. Vifaranga wasiojali rangi kabisa wangeweza kutupa mgawanyiko kama huo au ulio mkali zaidi mara 34 hivi katika majaribio mia.

Kisha kwa mahali: karibu na sigiri 58, katikati 35, mlangoni 27. Tofauti ni 18, 5 na 13. Miraba yake ni 324, 25 na 169, jumla 518. Gawanya kwa 40: 12.95. Kwa bahati tu, matokeo ya namna hiyo hayafiki mara mbili katika majaribio elfu moja.

Vifaranga walikuwa wale wale 120. Midomo ilikuwa ile ile na chakula kilikuwa kile kile. Tulipowauliza juu ya rangi walitujibu kwa sauti ndogo isiyosikika, na tulipowauliza juu ya mahali walitujibu kwa sauti kubwa. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho darasani nilikuwa nimekikariri tu: jaribio la kai-mraba halijui kwamba kuna rangi duniani. Halijui kuku. Linajua jambo moja, yaani umbali uliopo kati ya hesabu uliyoipata na hesabu uliyoitarajia. Jina la sababu tunaliandika sisi pembeni mwa jedwali. Tukiandika "rangi" pale palipostahili "joto", jaribio halitatusahihisha. Jioni ya kwanza peke yake lingetupa 9.05 bila kusita.

Ni lazima pia niseme kile ambacho 2.15 haikukithibitisha. Haikuthibitisha kwamba vifaranga hawaoni rangi. Inajulikana kwamba kuku wana uwezo wa kuona rangi kuliko sisi: binadamu ana aina tatu za seli za jicho zinazopokea rangi, kuku ana nne, na huona hata mionzi ya urujuanimno isiyoonekana kwetu. Bakuli tuliloliita jekundu huenda machoni mwao lina sura ambayo hatuna jina lake. Wala 2.15 haikuthibitisha kwamba rangi zote ni sawa kwao. Inawezekana upo mvuto mdogo wa nyekundu ambao vifaranga 120 hawatoshi kuufichua. Tungekuwa na 1,200, na mgawanyiko ukabaki na uwiano ule ule wa 460, 410 na 330, kai-mraba ingekuwa 21.5 na tungesema kwa uhakika kwamba rangi ina kazi. Uwiano haubadiliki, lakini uzito wa ushahidi unabadilika. Ndiyo maana tunaonywa tusiingize asilimia katika kanuni hii bali idadi halisi, na tusiitumie pale ambapo idadi iliyotarajiwa katika kundi ni ndogo, kwa kawaida chini ya tano.

Nilipomweleza Mama hayo yote, alinisikiliza, kisha akauliza swali ambalo halikuwa katika daftari langu. "Hata wangependa nyekundu, hapa tumehesabu mdomo wa kwanza. Mimi siuzi kudonoa. Nauza kilo."

Sikuwa na la kuongeza. Mchuuzi alidai kwamba vifaranga watakula zaidi na kukua upesi. Sisi tulipima bakuli lipi linafikiwa kwanza. Kati ya kufikiwa kwanza na kukua upesi kuna safari ndefu, na kuipima kungehitaji mizani, wiki kadhaa na jaribio la aina nyingine. Lakini kwa uamuzi aliokuwa nao mbele yake, alichokiona kilitosha. Dai la rangi lilishindwa hata katika hatua yake ya kwanza, na mahali palijitokeza wazi. Alinunua vyombo vya kawaida. Fedha zilizobaki ziliingia kwenye makaa, na akaongeza sigiri ya pili upande wa mlango.

Kama mwanafunzi wa lugha, nilibaki na neno moja linanizunguka kichwani. Watafiti husema wanapima "upendeleo wa rangi". Katika Kiswahili neno upendeleo limetoka kwenye penda, likapitia pendelea. Kupenda ni jambo la moyoni. Kupendelea kunaelekeza pendo hilo kwa mmoja miongoni mwa wengi. Na upendeleo tunapolitamka kazini au mahakamani ni lawama: hakimu ana upendeleo, mwalimu ana upendeleo. Lugha yetu imeweka ndani ya neno moja kile tunachokitafuta kwa mnyama na kile tunachokihofia kwa mtafiti. Naona limefanya vizuri. Anayekwenda bandani akitaka nyekundu ishinde atayapanga mabakuli, ataanza kuhesabu na ataacha kuhesabu kwa namna itakayompa nyekundu, wakati mwingine bila kujua. Kuzungusha mabakuli kunatulinda dhidi ya upendeleo wa pili ili tuweze kuuona ule wa kwanza.

Tena, hata ule wa kwanza tumeuita upendeleo kwa ukarimu tu. Tulichokihesabu ni kuchagua, au hata chini ya hapo: kwenda. Mtu anayekimbilia chini ya mti wa mwembe mvua inaponyesha hajauchagua mwembe kwa mapenzi.

Huenda msomaji akaona haya ni mambo madogo ya kuku na makaa. Lakini Uganda ina mnyama mmoja ambaye rangi anayoiendea imekuwa suala la uhai na kifo, naye ni mbung'o. Mwanzoni mwa karne iliyopita ugonjwa wa malale uliivamia Busoga na mwambao wa Ziwa Viktoria. Kati ya mwaka 1900 na 1920 inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 200,000 walikufa. Mwaka 1903, mwaka ule ule masista walipofika Nsambya, David Bruce alifika Entebbe na tume ya Royal Society, na kazi yao ikaonyesha kwamba vimelea vya ugonjwa huo, yaani tripanosoma, huenezwa na mbung'o. Baadaye Gavana Hesketh Bell aliamuru watu wahamishwe kutoka mwambaoni. Wakati huo hapakuwa na njia nyingine ya kuwatenga watu na mbung'o ila kuwang'oa watu.

Hata Pearson, yule wa dadu, aliguswa na ugonjwa huu akiwa mbali London. Mwaka 1914 aliandika katika jarida lake la Biometrika makala ndefu juu ya namna ya kupima kama makundi mawili ya hesabu yametoka katika chanzo kimoja, na mfano wake mkuu ulikuwa utambuzi wa aina za tripanosoma. Watafiti walikuwa wakipima urefu wa vimelea, wakichora michoro yake, na kuamua kwa macho kama ni jamii moja au mbili. Pearson alitaka uamuzi huo upite kwenye kipimo. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kampala anayejifunza takwimu za aina hii hajaazima kitu kigeni kabisa. Ugonjwa wa nchi hizi za kwetu ulikuwemo katika mifano ambayo fani hiyo ilijinolea.

Leo mbung'o hutegwa kwa rangi. Mtego wa kitambaa cha buluu uliobuniwa na Challier na Laveissière katika miaka ya 1970 ulifungua njia, na miongo iliyofuata ilithibitisha kwa aina nyingi za mbung'o kwamba buluu ya namna fulani huwavuta kuliko rangi nyingi nyingine. Madereva wa watalii wanalijua hilo, nao huwaonya wageni wasivae buluu iliyoiva wala nyeusi mbugani. Kaskazini-magharibi mwa Uganda, kuanzia mwaka 2011, vilianza kutumika vitambaa vidogo kando ya mito: kipande cha buluu cha sentimita 25 kwa 25, na kando yake wavu mweusi wa ukubwa ule ule, vyote vikiwa vimetiwa dawa ya kuua wadudu. Pamoja na upimaji na matibabu ya wagonjwa, vilisaidia kufikisha aina ya malale ya eneo hilo mahali ambapo, mwaka 2022, Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Uganda kuwa imeitokomeza kama tatizo la afya ya jamii.

Mambo mawili katika kazi hiyo yalinirudisha kwenye daftari letu. La kwanza ni kwamba watafiti wa mitego nao huizungusha. Mtego wa buluu ukikaa kila siku kwenye kivuli kando ya mto na mweupe ukakaa juani, watakachopima ni kivuli. Kwa hiyo kila mtego hukaa kila mahali kwa zamu, kama mabakuli yetu. Pia hawategemei kai-mraba peke yake, kwa sababu mbung'o walionaswa siku moja mahali pamoja hawajitegemei: siku ya joto huwaleta wengi pamoja. Ni tatizo lile lile la vifaranga wanaofuatana.

La pili ni ule wavu mweusi. Mbung'o huvutwa na buluu kutoka mbali, lakini anapofika hupenda zaidi kutua kwenye nyeusi. Ndiyo maana vitambaa hivyo vina rangi mbili. Sasa tumuulize aliyesema mbung'o anapenda buluu: anapenda ipi? Ukihesabu wanaokaribia, utasema buluu. Ukihesabu wanaotua, utasema nyeusi. Majibu yote mawili ni ya kweli, na waliovitengeneza vitambaa waliyatumia yote mawili kwa sababu walikuwa wameuliza maswali mawili tofauti. Nilimkumbuka Mama na kauli yake ya kudonoa na kilo.

Na kama siku moja rangi ingeshinda bandani kwetu, bado kungekuwa na kazi. Karl von Frisch, katika utafiti alioutoa mwaka 1914, alitaka kujua kama nyuki huona rangi au huona tu mwanga hafifu na mwanga mkali. Aliwazoesha kula maji ya sukari kwenye kadi ya buluu, kisha akaiweka kadi hiyo katikati ya kadi za kijivu za viwango vingi, kuanzia iliyokolea hadi iliyofifia. Kama nyuki hawaoni rangi, mojawapo ya kijivu ingewachanganya. Hawakuchanganyikiwa. Jekundu, la manjano na la buluu ya kwetu yalitofautiana pia kwa ukali wa mwanga, na mabakuli ya kijivu hatukuwa nayo.

Ninachowaachia wenzangu darasani ni ile sentensi tuliyoianzia kibarazani. Kabla ya kuhesabu, andika kwa Kiswahili chepesi kile utakachokiamini kama imani yako si kweli. Tuseme hawajali. Sentensi hiyo inauma kidogo, kwa sababu inamlazimu mtu aipe nafasi sawa dhana asiyoitaka. Lakini bila hiyo, kai-mraba ni pambo la kuwekea muhuri kile ulichokwisha kukiamua.

Vifaranga wale wameshauzwa. Kundi jipya limefika, na Mama amekuja na swali lake mwenyewe. Anasema sigiri hutoa joto na pia hung'aa gizani, na hajui ni kipi hasa kilichowavuta wale 58. Ametafuta taa ndogo isiyo na joto na chungu cha makaa kilichofunikwa. Wino tunao. Safari hii nadharia ameitamka yeye, akiwa amesimama mlangoni mwa banda: "Tuseme hawajali mwanga."